Jezi ya Tshabalala

Jumamosi ya tarehe 24 Mei 2025 nilikuwa Darajani na mwanangu wa miaka tisa, tunatafuta jezi nyekundu. Tulikuwa tumeshuka boti ya Pemba siku ile ile, mtoto bado ana chumvi ya bahari midomoni, mimi mgongo unauma. Kesho yake Simba, klabu yetu ya Dar es Salaam, walikuwa wanarudiana na RS Berkane ya Morocco uwanja wa New Amaan, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tangu CAF iamue kwamba mchezo hauchezwi uwanja wa Mkapa, Dar, kwa sababu ya hali ya uwanja, unavushwa bahari kuja Unguja, kule kwetu Wete watu walikuwa hawalali. Ami yangu ana miaka sabini na kitu, na tangu nipate akili sijamwona akipanda boti kwa jambo lisilokuwa harusi, maziko au hospitali. Safari hii alivaa kikoi, akachukua kofia yake ya Ijumaa, akatutangulia bandarini.

Muuza jezi akamuuliza mtoto, "Mgongoni tukuandikie nani?"

Nilidhani atasema Ahoua, maana Ahoua ndiye aliyekuwa akifunga. Akasema, "Tshabalala."

"Kwa nini Tshabalala?"

"Kwa sababu yule haondoki."

Nikacheka, nikalipa. Mohamed Hussein, ndiye huyo Tshabalala, aliingia Simba mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar, wakati huyu mnunuzi wangu hata hajazaliwa. Makocha wamekuja na kwenda, wageni wamekuja na kwenda, beki ya kushoto ni yeye tu, na kitambaa cha unahodha mkononi. Kwa mtoto aliyezaliwa 2016 yule ni kama mnazi ulioko uani: umeukuta, utauacha.

Mchezo wenyewe sitausimulia sana, wengi mliuona. Berkane walikuja na mabao mawili mfukoni, waliyotufunga kwao wiki moja nyuma, yote ndani ya robo saa ya kwanza. Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga, na ami akavua ile kofia ya Ijumaa akairusha juu. Hatukuiona tena. Kipindi cha pili hakijatulia Kagoma akala nyekundu. Tukiwa kumi Mukwala akatia mpira wavuni, Amaan nzima ikalipuka, VAR, ile video ya waamuzi, ikasema ameotea. Halafu katika dakika za nyongeza, wakati watu wetu wote wako mbele, Sidibe akasawazisha. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco.

Ami aliikumbuka ile fainali nyingine, ya Kombe la CAF mwaka 1993: Simba walitoka sare kwa Stella kule Abidjan, wakarudi Dar es Salaam wakapigwa 2-0 mbele ya watu wao. Miaka thelathini na mbili ameibeba hiyo. Tulipokuwa tunatembea kurudi Magomeni, kichwa wazi, akasema, "Mara hii si haba, tumefunga na sisi." Na mimi, nikijitia mtaalamu, nikamwambia: ami, hawa vijana wana msimu mmoja tu pamoja. Timu hii ikikaa misimu miwili, hakuna wa kuishika.

Neno langu lilikuwa "ikikaa".

Haikukaa. Haikupita miezi mitatu Tshabalala akatambulishwa Yanga, watani wetu wa jadi. Che Malone akaenda USM Alger. Ngoma akaondoka. Mwezi wa Septemba kocha mwenyewe, Fadlu Davids, akachukuliwa na Raja Casablanca. Nahodha, nguzo ya ulinzi, kiungo mzoefu na mwalimu, wote nje kabla embe za vuli hazijaiva.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila dirisha la usajili likifunguliwa, barza yetu pale Wete inageuka ofisi. Mtu aliyeshindwa kukumbuka arobaini ya mjomba wake anakumbuka mkataba wa fulani unaisha lini, ana kipengele gani, wakala wake nani. Simu zinapitishwa mkono hadi mkono. "Amemalizana nao." "Bado, wanavutana kwenye dau." "Ameonekana uwanja wa ndege." Mwenye kahawa anachelewa kurudi nyumbani maana hakuna anayeondoka. Na klabu zimetujua: picha yenye kivuli usiku, alama ya saa, kesho ndio jina. Tunashangilia kuliko tunavyoshangilia bao. Halafu upande wa pili wa karatasi ile ile kuna wale wanaopewa mkono wa kwaheri, siku hizi vijana wanaita "thenkyu": picha ya rangi ya majivu, maneno mawili ya shukrani, tumeshasonga mbele. Hakuna anayekesha kusubiri thenkyu.

Kwangu mimi, mambo yote yako huko kwenye thenkyu. Timu hujengwa na wanaobaki. Anayekuja ni nyongeza.

Waandishi wa michezo wana msemo wao, "kusuka upya kikosi". Sijui wangapi katika wao wamekaa karibu na msukaji. Mimi nimekua chini ya miguu yake. Bi mkubwa wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anasuka ukili jioni zote, mkono unakwenda wenyewe huku anazungumza na jirani, na ukili ukitimia urefu anaushona mstari kwa mstari mpaka uwe mkeka. Mkeka ukichakaa hakuutupa. Aliufumua mshono wa ule mstari uliooza, akautoa, akatia ukili mpya wa upana ule ule. Lakini alikuwa hafumui mistari miwili iliyo jirani kwa wakati mmoja. Nilimuuliza, utoto huo, si uitoe yote uimalize leo? Akaniambia, "Nikiitoa yote, huu mpya nitaushona na nini?" Mpya ulikuwa unang'aa rangi katikati ya mkongwe, unatia aibu kidogo wageni wakija, na baada ya mvua mbili huoni tena wapi palitiwa.

Sasa tuirudie Simba. Januari 2024, dirisha dogo la katikati ya msimu, tulikuwa na washambuliaji wawili wanaofunga, Jean Baleke na Moses Phiri. Tukawaachia wote wawili mara moja. Wakaja Freddy Michael na Pa Omar Jobe, nao kufika msimu mpya wameshaondoka. Baleke tukaja kumwona amevaa kijani na njano za Yanga. Sisemi Freddy na Jobe walikuwa wabovu. Ninasema walishushwa katikati ya msimu, katika timu iliyokuwa bado ina kidonda cha tano moja tuliyopigwa na Yanga Novemba, mshambuliaji mgeni pembeni ya mshambuliaji mgeni, hakuna hata mmoja wa kumwambia mwenzake kwamba kiungo wetu Saido akigeuka hivi mpira unakuja kule. Mistari miwili jirani.

Na lile kosa lina mama yake. Agosti 2021. Tulikuwa tumetoka kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Februari ile tumemfunga Al Ahly ya Misri bao moja, la Luis Miquissone, na tumeongoza kundi katika Ligi ya Mabingwa. Wakaja watu na fedha zao: Luis akaenda kwa hao hao Al Ahly, kiungo wetu Chama akaenda RS Berkane. (Ndiyo, Berkane hao hao. Ukiwa Simba unajifunza kucheka.) Klabu zetu huku haziwezi kukataa fedha kama zile, nalielewa hilo, na mchezaji naye ana mama na ndugu wanaomtazama. Kuuza hakukuwa dhambi. Lakini miguu miwili iliyokuwa inafikiri pamoja iliondoka wiki zile zile, na misimu minne iliyofuata ubingwa ukakaa Jangwani, kwa Yanga.

Kilichonifunza zaidi ni kurudi kwao. Chama alirudi baada ya nusu msimu tu. Luis akarudi 2023, na sisi tukapiga vigelegele kana kwamba tumerudishiwa mwaka 2021 wenyewe. Jezi ile ile, jina lile lile, chenga za mguu ule ule. Haikuwa. Watu walimtukana, wakasema mwili umenenepa, wakasema mapenzi yamekwisha. Mimi niliangalia mechi zake na jicho langu likaona kitu kingine: alikuwa anapiga pasi mahali ambapo zamani palikuwa na mtu. Mpira unakwenda pale, mtu hayupo, unatoka nje. Uwanja mzima unazomea. Yule Luis tuliyemtaka alikuwa nusu yake miguu ya wengine, na hao wengine, ukimtoa Chama, hatukuwarudisha. 2024 akapewa thenkyu.

Hapo jirani yangu wa barzani, Yanga wa damu, hunikatiza. Huniambia, "Kaka, mbona na sisi tunabadilisha?" Na hasemi uongo. Katikati ya 2023 walimpoteza Mayele, aliyefunga mabao 17 ligi ile. Wakampoteza Fei Toto. Wakaondoka Djuma Shabani na Bangala, na kocha Nabi akaondoka. Mimi nilifunga safari mpaka kwake kumpa pole ya uongo. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Novemba, wakatupiga tano moja, na siku mbili mbele kocha wetu Robertinho hana kazi.

Nilikaa na kisirani changu, nikahesabu. Walioondoka walikuwa wengi, lakini tazama waliobaki: Diarra golini tangu 2021, Aucho katikati tangu 2021, Job na Mwamnyeto nyuma, Aziz Ki. Pacome na Maxi walipofika walikuta nyumba ina watu, wakaonyeshwa pa kulala. Sisi mgeni wetu anafika anakutana na mgeni mwenzake mlangoni, wote wanauliza jikoni kuko wapi.

Na Bacca. Hili nalisema kwa uchungu wa nyumbani. Ibrahim Abdallah, "Bacca", ni mtoto wa visiwa hivi, alikuwa anacheza KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo, tunamwona kwenye Ligi Kuu ya Zanzibar kwa kiingilio kisichonunua hata sahani ya urojo. Yanga walimchukua Januari 2022. Hakushuka na kelele, na hakuingia siku ya pili kikosi cha kwanza. Alikaa, akasubiri, akasoma. Leo mshambuliaji yeyote Tanzania akiulizwa hataki kukutana na nani, jina lake ni la kwanza au la pili. Usajili wa namna hiyo hauna picha ya kivuli wala saa. Mtu alipanda boti tu, akakaa jukwaani akatazama. Viwanja vyetu, Mao Zedong wa Unguja na Gombani wa Pemba, hakuna mlango uliofungwa. Na Wekundu wangu wangekuja kutazama, wangemwona.

Ila na mimi nisijifanye mwerevu wa kila kitu. Katikati ya 2024, Simba walipofagia, nilikuwa wa kwanza kupiga kelele. Bocco ameondoka. Saido ameondoka. Inonga kaenda AS FAR. Chama, safari hii, kavuka barabara kwenda Yanga, na usiku ule barzani hapakuwa na kahawa iliyonywewa. Wakaletwa vijana ambao majina yao tulikuwa tunayajaribu ulimini kama chakula cha kigeni: Ahoua, Mutale, Mukwala, Okejepha, Debora. Golini Camara. Niliwaambia watu wazi, hii ni timu ya majaribio, tutashuka mpaka nafasi ya nne. Msimu ule Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na "Ubaya Ubwela", kaulimbiu yetu, ikatufikisha fainali ya Afrika. Ligi tuliikosa siku ya mwisho, kwa kufungwa 2-0 na Yanga tarehe 25 Juni. Kwa hiyo, je, si walifumua mkeka mzima na ukashonwa vizuri?

Nimelifikiri hili muda mrefu, hata kwenye foleni ya karafuu. Jibu langu ni kwamba hawakufumua wote. Nyuma pale alikuwapo Kapombe kulia na Tshabalala kushoto, watu waliokuwapo kwenye ubingwa mara zote nne. Che Malone alibaki. Ngoma alibaki. Kibu alibaki, na purukushani zake. Fadlu alipata pembe za kushonea. Ukitazama namna Mutale alivyokuwa anakosea msimu ule, alikuwa anakosea kwa raha, kwa sababu nyuma yake kuna mtu aliyeziona mechi mia mbili na zaidi. Ukamtoa huyo mtu, kijana yule yule anakosea kwa woga. Hayo hayamo kwenye takwimu za dirisha. Ya wanaoingia yanahesabika. Ya Tshabalala kumpigia kelele winga wake arudi, nani anayahesabu?

Sijui kilichosemwa mezani kati yake na klabu, na sitamlaumu mtu. Miaka kumi na moja ni mingi, na mchezaji akifika umri ule mkataba wake unaofuata ndio anaojengea nyumba. Nakasirika tu na sisi mashabiki. Mwezi mzima wa Julai tulikuwa tunauliza nani anakuja. Hakuna aliyebeba bango kuuliza nahodha amesaini au la. Tulipoamka, amevaa kijani.

Tena haya si ya Msimbazi, kwa Simba, peke yake. Kuna miaka mitatu nilikuwa mweka hazina wa timu ya mtaa hapa Wete, daraja la chini kabisa, hazina yenyewe kopo la maziwa. Tulikuwa na kipa, kijana wa skuli, mrefu, kimya. Ikaja timu moja kubwa kutoka Unguja kucheza Gombani, wakamwona kwenye mechi ya kirafiki, wakamtaka. Kwetu huku anayetakwa na timu kubwa haringi, maana timu nyingi kubwa za Zanzibar ni za vikosi, na kusajiliwa kuna njia ya kuwa ajira: sare, mshahara, mama analala usingizi. Tukamwombea dua na boti ikampeleka. Sisi tuliahidiwa mipira minne na seti moja ya jezi. Niliiandika kwenye daftari kwa wino, "tunadai". Daftari lipo, mipira haijashuka bandarini mpaka leo.

Lakini mipira si hoja. Hoja ni kwamba na sisi tulifanya kosa lile lile. Kwa kuwa kipa kaondoka tukasema basi tusuke upya, tukawaacha mabeki wawili wazee waliokuwa wakimlinda, tukachukua vijana kutoka Konde na Micheweni. Vijana wazuri, wana mbio. Mechi ya kwanza tulifungwa sita. Kipa mpya anapiga kelele "toka!", mabeki hawajui ni nani anaambiwa atoke. Beki mmoja kati ya wale wazee alikuwa amekaa pembeni ya uwanja juu ya baskeli yake, anatafuna muwa, ananitazama mimi mweka hazina. Hakusema neno. Nilihama upande.

Ami, tangu Amaan, amegoma kuzungumza usajili. Akiona simu zimetolewa anauliza bei ya karafuu. Juzi tu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyo kocha mpya naye keshaondoka, au bado yupo?" Nikamwambia, ami, subiri nitazame.

Ile jezi. Tshabalala alipotambulishwa Yanga, mwanangu aliiweka chini ya godoro, hakulia. Wiki ya pili akaja nayo mkononi, akataka jina litolewe. Tukaenda kwa fundi wetu pale sokoni. Akatandika gazeti, akaweka pasi ya moto, akasubiri, akaanza kubandua herufi kwa ncha ya mkasi, moja moja, kutoka nyuma kuja mbele. Alipofika kwenye T akaniuliza tunaandika nani mahali pake. Nikamgeukia mtoto. Akataja jina la mmoja wa wageni, akanyamaza, akasema hapana. Akataja jingine, akanyamaza. "Acha tupu," akasema.

Herufi zimetoka, lakini kitambaa pale zilipokuwa hakijapigwa jua kama kwengine, kwa hiyo ukimwona kwa mbali jioni unasoma vile vile. Anacheza nayo kila siku, beki ya kushoto. Wenzake wanamwita Tshaba, na akiitwa hugeuka.